Upawa wa Shaba

Mwezi uliopita niliwaachia vijana wa atelie yetu ya ufundi fuawe, koleo zote na mvukuto, nikarudi nyumbani na tupa moja ndogo ambayo sijui bado nitaifanyia nini. Mke wangu Zaina anasema nitavipiga tupa vijiko vyake mpaka viishe. Vijana wameniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi ya shaba hapa Buyenzi, kwa sababu siku hizi wao hulehemu zaidi mageti na madirisha, na mteja akileta kitu cha shaba wanamwambia apite kesho. Nitaandika. Habari ya nani alikuwa mkubwa wa nani mtanisamehe, siiandiki. Muda mwingi tulikuwa watu wawili, na mmoja wetu ndiye mwenye atelie.

Mwenye atelie alikuwa Mzee Nasoro. Babu yake alitoka Oman, lakini yeye alizaliwa Bujumbura na bahari hakuwahi kuiona. Alikuwa mwembamba, msemaji wa maneno machache, na alifanya kazi akiwa amevaa kofia yake ya kitambaa hata moto ukiwa umewaka sana. Mimi nilimjia kutoka bandarini. Nilikuwa kuli, nabeba magunia ya chumvi na saruji kutoka meli za Kigoma, na siku moja msimamizi alinituma nimpelekee Mzee Nasoro koki kubwa ya shaba ya meli, iliyokuwa imepasuka. Nilipomkabidhi, aliigonga kwa ukucha, akasikiliza, akaniuliza kama nina haraka. Nikasema sina. Akaniambia basi shika mvukuto. Nilirudi bandarini kuchukua shati langu tu.

Siku za kwanza hakuniruhusu kugusa moto. Nilisugua madele ya kahawa kwa majivu na ndimu mpaka vidole vikachubuka. Halafu akanifundisha mchanga. Mchanga wa kalibu, wa kumiminia shaba, tuliuchota kwenye mto Ntahangwa, tukauchuja, tukauchanganya na udongo kidogo na maji kidogo. Unaufinya mkononi, unafungua kiganja, unalivunja donge katikati. Ukipukutika, umekauka mno. Ukiacha unyevu kiganjani, umelowa, na shaba iliyoyeyuka ikikutana na maji inaruka usoni. Hii alama niliyo nayo chini ya sikio ni ya siku niliyodhani nimeshajua mchanga.

Akanifundisha pia kwamba shaba ya njano si chuma. Chuma unakipiga kikiwa chekundu. Shaba ya njano ukiipiga ikiwa nyekundu inabomoka kama biskuti. Na moshi mweupe unaotoka ikiyeyuka usiuvute. Ukiuvuta, jioni utatetemeka kama mwenye malaria, na dawa hakuna, unangoja tu upite. Haya yote vijana wanayajua, au wanasema wanayajua.

Vita vilipoanza, kazi yetu ilibadilika bila sisi kubadilika. Madele ya kahawa yalikoma, maana mtu mwenye hofu hakaribishi wageni. Sauti ya nyundo yetu iliwashtua majirani, wakaja kutuomba kwa adabu tupige polepole, kama kwamba kuna kupiga nyundo polepole. Hata maneno yetu yaligeuka hatari. Metali laini tunayolehemu nayo masufuria, sisi tunaiita risasi, kama mafundi wote. Miaka ile usingeweza kusimama mlangoni ukamwambia mwenzako akuletee risasi. Tulianza kuiita "ile laini".

Kilichotutia wasiwasi zaidi ni mabomba ya maji. Tulikuwa tunayakata na kuyatia nyuzi za kukazia kwa ajili ya mafundi bomba. Lakini watu walikuwa wanatengeneza bunduki za kienyeji kwa mabomba yaleyale, na askari walijua. Kila fundi mwenye moto na bomba alikuwa mshukiwa. Wapo wenzetu waliochukuliwa, na familia zao zilizunguka kuwaulizia bila kujibiwa. Wengine walituletea maganda ya risasi, yamejaa makopo, wakitaka tuyayeyushe. Shaba yake ni nzuri, safi. Mzee Nasoro aliwarudisha wote mlangoni. "Hiyo iko na wenyewe," aliwaambia, wala hakueleza wenyewe ni nani.

Katika mwaka wa pili wa vita alikuja Kishore. Yeye alikuwa muuza vitambaa wa mtaa wa Wahindi, karibu na soko, mtu wa makamo, mwenye haraka. Tulimjua kwa sura. Safari ile hakuwa na haraka. Alikaa kwenye kigogo chetu, akasema mama yake amekataa kuondoka Bujumbura.

"Mi nimeshapata nafasi mu meli ya mizigo," alisema. "Mke, batoto, marobota yangu ya vitambaa, vyote vinaenda Kigoma. Mama tu. Anasema sanamu yake imevunjika, haiwezi kusafiri hivyo."

"Sanamu gani?" nikamuuliza.

Akaeleza. Mama yake, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Kishore, alikuwa na sanamu ya shaba ya mungu wao wa kike wa chakula. Alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na tangu hapo ilikaa kwenye madhabahu ndogo pembeni mwa jiko. Usiku wa mapigano bomu lilianguka uani kwa jirani, ukuta ukatikisika, rafu ikaporomoka. Mungu yule alikuwa ameshika upawa wa kupakulia chakula. Upawa ulikatika pamoja na vidole, ukapotelea kwenye kifusi, na kifusi kilishazolewa. Kwa dini yao sanamu iliyovunjika haiabudiwi. Ama itengenezwe, ama ipelekwe majini.

"Ukitengeneza, tutaenda," Kishore alisema. "Fundi, nakuomba. Kule nyumbani batoto wanalala chini ya kitanda."

Mzee Nasoro alikuwa anapiga tupa, hakuinua macho. Nikamwambia Kishore nitakwenda kuiangalia.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, mlango wake kwenye barabara ya nyuma, giza, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Mama Kishore alikuwa mwanamke mfupi, mjane, amevaa sari nyeupe, na macho yake yalikukagua kabla hujaketi. Alinionyesha sanamu bila kunipa. Ilikuwa na urefu wa kama shubiri mbili, mwanamke aliyekaa kwa utulivu, bakuli kwenye mkono mmoja, na mkono wa pili umeishia kwenye jeraha lenye meno. Nilipoona mpasuko nikajua imemiminwa vizuri, kazi ya mtu aliyeujua mchanga wake.

"Utaweza?" akaniuliza.

"Nitatengeneza upawa mpya na vidole, nitie pini ndani, nilehemu. Haitaonekana."

"Shaba utatoa wapi?"

Nikasita. Akanitazama.

"Shaba ya maganda ya risasi usiniwekee," alisema. "Huyu anapakulia batu chakula. Apana na mukono ya risasi."

"Sitaweka, mama."

"Apa."

Nikaapa. Ndipo akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alileta kijungu cha shaba chenye maji, akatia majani na nazi juu yake, akaketi mbele ya sanamu, akasoma maneno ya kwao kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Kishore alininong'oneza kwamba anamwomba mungu atoke kwenye sanamu, akae kwenye maji mpaka kazi iishe. Alipomaliza, akaifunga sanamu kwa kitambaa cheupe, akanipa.

"Sasa ni shaba tu," alisema. "Beba. Usibebe mu mufuko ya makaa."

Nakiri maneno yale yalinipa nafuu, maana nilikuwa nimeanza kujiuliza, mimi Muislamu, nabeba nini kifuani.

Kutoka pale hadi Buyenzi si mbali, lakini kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari. Nilifikiria kuficha, nikaona kuficha ndiko kutakakoniua. Nikafika nimekumbatia kile kitambaa kama mtoto mchanga. Askari mmoja kijana, midomo imekauka, akakifunua kwa ncha ya bunduki. Uso wa shaba ukamtazama.

"Ni Bikira Mariya?"

Ningesema ndiyo ningepita. Lakini nilifikiri, akija mwenzake anayejua, nitaonekana mwongo, na mwongo pale hakuwa na bahati. "Ni mama wa Wahindi," nikasema. "Anagawa chakula. Amevunjika mkono, namtengeneza."

Aliutazama mkono uliokatika, akarudisha kitambaa. "Mwambie hapa kwetu hajafika bado," alisema, akanipungia nipite.

Nilimweleza mzee yote, nikamuuliza kama ni halali. Hakunijibu siku ile. Nilichonga upawa kwa mti laini, wa kuacha umbo lake mchangani, mdogo, mpini umepinda kidogo na vidole vinne vimeukumbatia, nikaulinganisha na ule mkono mara nyingi mpaka ukakaa. Shaba sikuwa nayo. Tulikuwa na vipande vya koki, lakini vichafu, vimechanganyika na risasi, ile laini, na rangi yake isingelingana.

Kesho yake mzee alikuja na mfuniko wa dele la kahawa. Nililijua lile dele. Lilikuwa la baba yake, lilikaa juu ya kabati yake ya nguo, halikupikiwa kahawa tena lakini hakuna aliyeruhusiwa kulisogeza.

"Hii inatoka Maskati," alisema. "Haijaua mutu."

"Na lile nililokuuliza, mzee?"

"Unatengeneza kitu cha jirani. Nia yako unaijua wewe na Mola wako." Akavua kofia, akaikung'uta vumbi, akavaa tena. "Dele bila mufuniko bado ni dele."

Tukaweka kalibu asubuhi, ile ya fremu mbili za mbao. Niliufinya mchanga, nikauvunja, nikaufinya tena. Sijawahi kuwa mwangalifu vile. Shaba ya mfuniko ilikuwa kidogo, ya kumimina mara moja tu. Ikiharibika, hakuna nyingine. Mzee alikwenda msikitini kwa sala ya adhuhuri, nami nikamimina peke yangu, kwa mkono mmoja uliotulia na mwingine uliokuwa unaomba. Nikaiacha ipoe.

Ilikuwa bado ya moto askari walipoingia. Walikuwa wanapekua mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Waliona moto, chungu cha kuyeyushia, na kando ya ukuta mabomba matatu ya fundi bomba mmoja wa mtaa wa Mutanga Sud aliyekuwa hajaja kuyachukua. Hawakuniuliza mengi. Walichukua mabomba, walichukua sanamu, na mmoja wao alipoona kalibu imefungwa akauliza kuna nini ndani. Nikasema upawa. Akacheka. Wakaibeba nayo, fremu mbili zimefungwa kamba, nami nikatembea katikati yao mikono kichwani. Watu wa mtaa walifunga milango. Siwalaumu, mimi pia ningefunga.

Kwenye pozisiyo yao, kambi ndogo ya jeshi, waliniketisha chini, juani. Baada ya muda nikaitwa mbele ya ajida, mkubwa wao, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na upole ule ulinitisha kuliko wale walionipiga mateke njiani. Alizungumza Kiswahili kizuri.

"Wewe ni fundi."

"Ndiyo, ajida."

"Haya mabomba unaunganisha na nini?"

Nikajibu kabla sijafikiri, kama nilivyojibu miaka yote. "Mengine kwa nyuzi, mengine nalehemu kwa risasi."

Nilisikia neno langu likiwa limesimama pale katikati yetu. Nikaanza kueleza kwamba ni metali laini, ya masufuria, kwamba mafundi wote wanaiita hivyo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe kwamba naonekana mwongo. Ajida akanyanyua mkono.

"Na ndani ya hilo sanduku la mchanga?"

"Upawa, ajida. Wa ile sanamu."

"Tutalifungua," alisema. "Tuone upawa."

Hapo ndipo hofu yangu ilipogawanyika mara mbili. Vijana, nyie mnajua. Kitu kilichotoka kwenye kalibu hakifanani na kitu chochote. Kina mrija wa kumiminia umening'inia, kina mabaki pembeni, kimechafuka. Na mimi sikujua kama shaba ilifika mpaka mwisho. Kama imegoma njiani, kitatoka kipande cha metali kilichopinda, na kipande cha metali kilichopinda mbele ya ajida kingeweza kuwa chochote alichotaka kiwe. Nilimwomba anipe nafasi niifungue kalibu mwenyewe. Akakataa.

Kabla hawajakata kamba, kukawa na mazungumzo mlangoni. Mzee Nasoro alikuwa amerudi kutoka msikitini akakuta atelie tupu, na majirani walimwambia kupitia ufa wa mlango. Hakuja kwangu. Alikwenda kwanza kwa Mama Kishore. Sasa walikuwa wamesimama wote wawili pale, mzee na kofia yake, na yule mwanamke mfupi amevaa sari nyeupe, amebeba kwa mikono miwili kile kijungu cha maji. Baadaye niliambiwa Kishore alimzuia mama yake mlangoni kwao, naye akamwambia asogee.

Mama Kishore alimsalimia ajida kwa Kirundi. Si Kirundi cha sokoni. Baba yake alikuwa na duka Gitega, alikulia kule, na alizungumza kama watu wa kule, kwa kuvuta maneno na kwa heshima zake zote. Ajida, ambaye pengine na yeye alikuwa wa upande ule, alisimama kidogo kwenye kiti chake bila kujua amesimama.

"Umebeba nini, mama?" akamuuliza.

"Maji. Na mwenye hiyo sanamu." Akaweka kijungu mezani, taratibu, maji yasimwagike. "Hiyo sanamu ni yangu. Nimempa huyu fundi. Mnamshikia nini?"

"Tunafungua sanduku, mama. Tutajua."

Yule askari akakata kamba, akazitenganisha fremu, akaugonga mchanga kwa kitako cha kisu. Ukapasuka. Kikaanguka mezani kitu cheusi, kimepinda, na mrija mnene umesimama juu yake. Nilikitazama na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuweza kusoma kazi ya mikono yangu.

"Ajida," askari akasema, "hii ni ya kufyatulia bunduki."

Kweli ilifanana. Mpini uliopinda, na ule mrija. Ajida alikichukua, akakigeuza, akanitazama. Nikasema, "Mkinipa msumeno niukate mrija, mtaona." Hakuna aliyesogea kunipa msumeno.

Mama Kishore akanyoosha mkono. Hakuomba, alinyoosha tu, kama mtu anayedai chake, na ajida akampa. Alikifuta mchanga kwa ncha ya sari yake, polepole, vidole vikaonekana, vinne, vimeshika mpini. Kisha akaifunua sanamu, akakilaza kile kipande kwenye mkono uliokatika. Mrija ulikuwa juu bado, unachekesha, lakini chini yake jeraha lilikutana na jeraha. Kikaingia.

Ajida aliinama karibu. Alitazama bakuli, upawa, uso.

"Anapakua," alisema.

"Njo kazi yake hiyo," Mama Kishore akamjibu kwa Kiswahili.

Waliniachilia pamoja na sanamu na upawa. Mabomba walibaki nayo. Tulipofika kwake, Mzee Nasoro akaniambia ninawe uso, akanimiminia maji mwenyewe.

Kazi iliyobaki ilikuwa rahisi. Nikakata mrija, nikapiga tupa, nikatoboa na kutia pini, nikalehemu kwa moto mdogo. Shaba ya Maskati ilikuwa nyekundu kidogo kuliko ile ya Wahindi. Ukijua pa kutazama unaona. Nilipoirudisha, Mama Kishore aliiosha kwa maziwa na maji ya kile kijungu, akaipaka rangi nyekundu kwenye paji, nami nikangoja nje ya jiko kwa heshima ya dini yake na yangu. Kishore alikuwa ameshafunga masanduku.

"Mama, twende sasa," alisema. "Meli inaondoka kesho."

"Nendeni salama," alimjibu.

Kishore alidhani mama yake hakusikia. Akarudia.

"Mi nilisema ikivunjika haisafiri," mama yake akasema. "Sikusema ikipona inasafiri. Huyu anakaa mu jiko, na jiko yangu iko hapa. Na baba yako majivu yake iko mu ziwa hii. We una batoto, peleka batoto."

Walibishana kwa lugha yao, kwa muda mrefu, mpaka Kishore akalia. Mimi nilitaka kuondoka na sikujua nipitie wapi.

Kesho yake nilikwenda bandarini kumsaidia na marobota, maana makuli niliwajua bado. Watoto wake walishapanda. Alisimama kwenye ngazi ya meli akanitazama vibaya.

"Fundi, umenifungia mama yangu hapa."

Nilifanya kazi niliyoombwa, tena niliifanya vizuri, na kama ningeifanya vibaya yule mama angekuwa melini. Mtu hafundishwi la kufanya na jambo kama hilo. Nikamwambia tu, "Nitakuwa napita kwake kila asubuhi." Akanipa mkono, akapanda.

Basi nilipita. Nilifikiri itakuwa miezi, ikawa miaka. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilizunguka na mtaa wa Wahindi, nikagonga dirisha lake la ubao, nikasema, "Mama Kishore." Naye akajibu kutoka ndani, "Niko." Basi. Siku nyingine aliongeza kwamba chumvi imeisha, na Zaina akampelekea alipotoka sokoni, kwa sababu tangu siku ile ya pozisiyo Mama Kishore hakutoka tena nje. Ulipolia mlio wa bunduki upande ule sikuweza kushika tupa; nilikaa nikikisia ni wapi. Kuna asubuhi barabara zilifungwa sikuweza kwenda. Mzee Nasoro alifariki katika miaka hiyo, kitandani mwake, kwa maradhi ya kawaida, jambo ambalo wakati ule tulilihesabu kuwa neema. Nikabaki peke yangu kwenye atelie, nikawa naomba asife na yule ninayemgongea dirisha.

Vita vilipoanza kuchoka, watu walisema mambo yanatengemaa, wengine wakasema bado. Mimi nilikuwa upande wa bado. Asubuhi moja niligonga, nikasema, "Mama Kishore." Kimya. Nikagonga tena kwa ngumi. Kimya. Niliweka sikio ubaoni, hakuna kilichosogea. Jirani mwenye duka akasema hajamwona. Nilikimbia mpaka atelie, nikarudi na mtaimbo, nikaupachika kwenye mlango wake na kuusukuma kwa bega mpaka kitasa kikang'oka na vipande vya ubao.

Ndani taa ya samli ilikuwa inawaka mbele ya sanamu. Wali kidogo kwenye kisahani, wa moto bado. Nilikwenda chumbani, nikaangalia kitandani, nyuma ya kitanda, uani, kisimani. Nilimwita. Nikarudi jikoni nikasimama mbele ya yule mwanamke wa shaba na mtaimbo mkononi, sijui nifanye nini, nikifikiria nitamwandikia nini Kishore.

"Fundi."

Alikuwa mlangoni, na kikapu mkononi. Bilinganya, nyanya, kotimiri. Alikuwa anahema, na vumbi la barabara limepanda mpaka magotini mwa sari yake. Alitazama kitasa, akatazama ubao, akanitazama.

"Umevunja mulango yangu?"

"Nilikuita, mama. Hukujibu."

"Sikuwa ndani," alisema. "Nilienda ku soko. Zaina ananichagulia bilinganya ya zamani, mi nimechoka kunyamaza." Akaweka kikapu chini, akajishika kiuno. "Kule ku soko batu bengi. Nimerudi na miguu yangu."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale. Hakunicheka. Aliniletea maji, akangoja ninywe, akauelekeza mkono wake kwenye mlango.

"Sasa utatengeneza hiyo."

Nilikwenda kuchukua vyombo. Kazi ilinichukua siku nzima, kwa sababu fremu nayo ilikuwa imepasuka, na muda wote huo mlango ulikuwa wazi barabarani, mbao zake chini kwenye magoti yangu. Yeye alikuwa anapika nyuma yangu. Watu walipita na baiskeli, wakasalimia, wakatazama ndani mpaka jikoni, na jioni ilipoingia hakuna hata mmoja wetu aliyesema tuharakishe kufunga.